Tilman na Baiskeli: Maisha ya Mlowezi Aliyevuka Afrika kwa Magurudumu Mawili

Barabara itokayo Kitale kuelekea kusini hupita Kiminini na Kamukuywa, ikateremka hadi Webuye. Hapo msafiri wa Bungoma huiacha njia ya Kakamega na kushika ile ya magharibi. Kwa miaka mingi barabara hii ilikuwa ya baiskeli kabla ya kuwa ya pikipiki. Baiskeli zilibeba mitungi ya maziwa, magunia ya mahindi, mikungu ya ndizi, makaa, wagonjwa waliopelekwa zahanati na, tangu boda boda ilipozaliwa mpakani Busia katika miaka ya 1960 na kuenea katika miji ya magharibi, abiria waliokaa juu ya keria iliyotandikwa mto. Serikali ya Kenya ilipoziondolea kodi pikipiki ndogo mnamo mwaka wa 2008, waendeshaji wengi walibadili chombo, na enzi nzima ikaanza kupita bila ya kuandikiwa kitabu. Hali si hiyo kwa safari moja ya baiskeli ya mwaka wa 1933, iliyofanywa na mtu aliyeishi katika eneo hilihili la magharibi ya Kenya. Safari hiyo iliandikwa, ikachapishwa London na kusomwa kwa miongo kadhaa. Aliyeifanya aliitwa Harold William Tilman, na maisha yake yanastahili kusimuliwa kwa wanafunzi wa Kiswahili, si kwa sababu ya sifa zake pekee, bali pia kwa sababu ya yale ambayo sifa hizo zimeyafunika.

Tilman alizaliwa tarehe 14 Februari 1898 huko Wallasey, katika jimbo la Cheshire nchini Uingereza, ng'ambo ya mto kutoka bandari ya Liverpool ambako baba yake alifanya biashara ya sukari. Alisoma katika shule ya Berkhamsted, akaingia chuo cha kijeshi cha Woolwich, na alipofika uwanja wa vita nchini Ufaransa mapema mwaka wa 1916 hakuwa hata ametimiza umri wa miaka 18. Alikuwa afisa wa mizinga. Alijeruhiwa, akarudi vitani, akatunukiwa nishani ya Military Cross mara mbili. Vita vilipokwisha alikuwa kijana wa miaka 20 aliyeona vifo vya wenzake wengi mno, na waandishi waliochunguza maisha yake karibu wote wanakubaliana kwamba ukimya wake wa baadaye, pamoja na tabia ya kukimbia starehe, vilitokana na miaka hiyo. Hakuoa maishani mwake.

Mwaka wa 1919 serikali ya kikoloni iliandaa mpango wa kuwapa ardhi askari waliopigana vitani. Mashamba yaligawanywa kwa bahati nasibu, na Tilman akaokota karatasi ya shamba lililokuwa karibu na Kericho. Hapa inafaa kusimama kidogo. Katika vita hivyohivyo, upande wa Afrika Mashariki, maelfu kwa maelfu ya Waafrika walichukuliwa kuwa wapagazi wa jeshi, na wengi sana walikufa kwa maradhi na njaa kuliko kwa risasi. Kikosi chao cha Carrier Corps ndicho kilichotupatia majina Kariokor ya Nairobi na Kariakoo ya Dar es Salaam. Wapagazi hao hawakuingizwa katika bahati nasibu. Ardhi iliyogawiwa huko Kericho ilikuwa ya Wakipsigis, sawa na vile ardhi ya Trans Nzoia, ambako mji wa Kitale ulianza kuinuka katika miaka hiyohiyo, ilivyokuwa malisho na mashamba ya wengine kabla ya kuitwa Nyanda za Wazungu. Kutoka upande wa Bungoma, Wabukusu wengi walirudi huko Trans Nzoia wakiwa vibarua na maskwota. Tilman hakuutunga utaratibu huo, lakini aliishi ndani yake kwa miaka 14 na ulimfaa.

Shamba lenyewe lilimtesa. Alifyeka msitu, akapanda kitani wakati bei yake ilikuwa juu. Bei ikaanguka mwanzoni mwa miaka ya 1920 na kuwafilisi walowezi wengi. Akageukia kahawa. Baadaye aliongeza ardhi huko Sotik. Majirani walikuwa mbali, na walio karibu naye walikuwa vibarua wake. Katika mazingira hayo lugha ya kazi ilikuwa Kiswahili, au tuseme ile lahaja ya shambani iliyokuja kuitwa kisetla, ambayo upatanisho wake wa kisarufi ulikuwa umevunjika na ambayo kitenzi chake kikuu kilikuwa katika hali ya kuamrisha. Haiwezekani mtu alime Kericho kwa miaka 14 bila ya lugha hiyo, na itaonekana baadaye kwamba ilimfikisha mbali kuliko alivyotazamia mtu yeyote.

Mwaka wa 1930 ulibadili mkondo wa maisha yake. Alikutana na Eric Shipton, mlowezi mwenzake aliyekuwa mdogo kwake kwa karibu miaka 10, ambaye katika miaka hiyo alifanya kazi shambani Turbo, kwenye njia ya kutoka Eldoret kwenda Webuye. Shipton alikuwa amekwisha kufika vilele vya Batian na Nelion vya Mlima Kenya mnamo Januari 1929 pamoja na Percy Wyn-Harris. Mwaka huohuo wa 1930 yeye na Tilman walipanda Kibo na Mawenzi katika Kilimanjaro, kisha wakaupanda Mlima Kenya kwa kupitia ukingo wa magharibi, njia ambayo haikuwa imepitwa na mtu kabla yao. Mwanzoni mwa mwaka wa 1932 walikwenda Ruwenzori. Jambo lililowatofautisha na wapanda milima wengi wa wakati wao ni uchache wa mizigo. Tilman aliamini kwamba msafara ambao hauwezi kupangwa nyuma ya bahasha moja ya barua ni msafara mkubwa kupita kiasi. Imani hiyo ndiyo iliyomfikisha kwenye baiskeli.

Kabla ya baiskeli, hata hivyo, kuna dhahabu. Mwaka wa 1931 dhahabu iligunduliwa Kakamega, na mara mamia ya walowezi waliofilisiwa na mdororo wa uchumi wa dunia walimiminika huko na mabeleshi, mahema na karai za kuchekechea mchanga. Tilman naye alikuwamo mwaka wa 1932, akiwa na mshirika mmoja, akachimba, akaosha udongo mitoni, akaweka vigingi vya madai. Hakutajirika. Katika kitabu chake sura hiyo inasomeka kama kichekesho kikavu, na kwa hakika ndiyo miongoni mwa sura zake zenye ucheshi. Kwa wenyeji haikuwa kichekesho. Kakamega ilikuwa makao makuu ya wilaya ya Kavirondo ya Kaskazini, ambayo wakati huo ilijumuisha pia nchi ya Wabukusu. Bungoma haikupata wilaya yake hadi mwaka wa 1956, ilipoitwa Elgon Nyanza. Sheria ya mwaka wa 1930 ilikuwa imewaahidi wenyeji kwamba ardhi ya hifadhi yao ni yao daima, na kwamba ikichukuliwa sehemu yoyote, baraza lao litashauriwa na watapewa ardhi nyingine ya kufidia. Mnamo Desemba 1932, miaka miwili tu baadaye, sheria hiyo ilirekebishwa ili ardhi yenye madini iweze kutengwa kwa fidia ya fedha, pasipo ardhi ya kubadilishana wala kulishauri baraza. Hofu iliyozuka haikuishia Kakamega. Ilifika Kimilili na milimani Elgon, na ni katika miaka hiyo ambapo vyama vya kisiasa vya wenyeji wa magharibi vilianza kudai ardhi kwa sauti. Kigingi cha kila mchimbaji, kiwe kilizaa dhahabu au la, kilipigwa katika shamba la mtu.

Kufikia mwaka wa 1933 Tilman alikuwa ameamua kuondoka Kenya. Mwezi wa Agosti alipanda Kibo akiwa peke yake, kana kwamba anaaga. Njia za kurudi Uingereza zilikuwa nyingi na zote alizijua: meli kutoka Mombasa kupitia Suez, meli kuzungukia Rasi ya Tumaini Jema, na hata ndege, kwa kuwa shirika la Imperial Airways lilikuwa limeanza kupitia Kisumu mwaka wa 1931. Hakuna iliyomvutia. Alitaka kuondokea upande wa pili wa bara, pwani ya Atlantiki. Kwenda kwa miguu kungechukua muda mrefu mno. Gari lingegharimu fedha nyingi na kumfunga kwenye petroli na vipuri. Akanunua baiskeli ya kawaida ya Kiingereza kwa pauni 6.

Bei hiyo inahitaji kupimwa. Pauni 6 zilikuwa shilingi 120 za Afrika Mashariki. Kwa mlowezi, hata aliyefilisika, ilikuwa nauli ndogo mno ya kuvuka bara, na Tilman mwenyewe aliihesabu kuwa ndiyo njia rahisi kuliko zote. Kwa kibarua wa shamba la Sotik au la Kitale, ambaye mshahara wake katika miaka hiyo ya mdororo haukufika shilingi 20 kwa mwezi, shilingi 120 zilikuwa mapato ya zaidi ya nusu mwaka, na hiyo ni kama hali, halipi kodi ya kichwa wala kuwalisha wanawe. Ndiyo maana baiskeli ya kwanza kijijini ilikuwa mara nyingi ya mwalimu, ya karani, ya katekista au ya chifu, na sauti ya kengele yake iliwatoa watoto nyumbani mbio. Chombo kimoja hicho kilikuwa alama ya kupanda daraja kwa Mwafrika na alama ya kushuka daraja kwa Mzungu. Bwana wa shamba alitarajiwa kuonekana ndani ya gari au juu ya farasi, au akitanguliwa na mstari wa wapagazi. Tilman hakujali, na pengine hapa ndipo anapostahili heshima bila ya kusita: alikubali kufika mahali akiwa na vumbi, amechoka, hana mtumishi, akila kile kilichopatikana njiani na kulala pale usiku ulipomkuta.

Sehemu ya Kenya haikuwa na ugeni wowote. Reli ilikuwa imekwisha kupita Eldoret, Turbo na Bungoma, na kufika Kampala mwaka wa 1931. Bungoma yenyewe ilikua kutokana na stesheni hiyo. Ugeni ulianzia upande wa pili wa Uganda. Kutoka huko Tilman aliingia Kongo ya Kibelgiji, akapita misitu na nyika hadi maeneo ya Afrika ya Ikweta ya Kifaransa, kisha Kamerun, na kuifikia bahari ya Atlantiki baada ya siku 56. Alikuwa ameendesha takriban maili 3,000, yaani karibu kilomita 4,800. Ukigawanya, unapata wastani wa karibu kilomita 86 kwa siku. Kwa anayeijua nchi hii, huo ni kama mwendo wa kutoka Kitale hadi Bungoma kupitia Webuye, kila siku, bila ya kukosa, kwa wiki nane mfululizo, juu ya baiskeli nzito isiyo na gia, katika barabara ambazo hazikuwa na lami. Hakuwa mshindani katika mbio zozote na hakuna aliyempimia saa. Alikuwa na umri wa miaka 35.

Kuna mambo matatu ambayo msomaji wa leo huyaona katika safari hiyo, na ambayo mwandishi wake ama aliyapita haraka ama hakuyaona kabisa.

La kwanza ni tairi. Mnamo mwaka wa 1888, huko Belfast, John Boyd Dunlop alitengeneza tairi ya kutiwa upepo kwa ajili ya baiskeli ya magurudumu matatu ya mwanawe, na ndani ya miaka michache dunia nzima ilikuwa na kiu ya mpira. Mfalme Leopold wa Pili wa Ubelgiji, aliyeimiliki Kongo kama shamba lake tangu mwaka wa 1885 hadi 1908, aliikata kiu hiyo kwa kuwalazimisha wenyeji kugema mpira wa mwitu. Walioshindwa kufikisha kipimo walichapwa, wakachomewa vijiji, wakakatwa mikono. Tilman alipita Kongo robo karne baada ya utawala huo kukoma, wakati ambapo mpira mwingi ulikuwa ukitoka katika mashamba ya Asia. Hata hivyo, wazee aliowapita kando ya njia walikuwa vijana wakati wa mpira, na barabara zenyewe alizozisifu kwa unyoofu wake zilikuwa zikitunzwa kwa kazi ya shuruti. Upande wa Wafaransa, katika mwaka huohuo, reli ya kutoka Brazzaville kwenda baharini ilikuwa bado inajengwa kwa nguvu za watu waliokamatwa vijijini.

La pili ni kipande. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 1920 kila mwanamume Mwafrika nchini Kenya mwenye umri wa zaidi ya miaka 16 alilazimika kubeba cheti cha kazi katika kikopo cha bati shingoni, na kuacha kazi bila ya sahihi ya mwajiri kulikuwa kosa la jinai. Kijana wa Bungoma mwenye baiskeli iliyo bora kuliko ya Tilman asingeweza kuipeleka hadi Kamerun kwa kupenda tu. Uhuru wa mtu kuivuka mipaka ya himaya tatu akiwa na mfuko mmoja wa nguo ulikuwa mali iliyogawiwa kwa rangi, kama mashamba.

La tatu, ambalo huenda likawa na uzito zaidi kwa wasomaji wa jarida hili, ni lugha. Ukiifuata njia ya Tilman kwenye ramani ya lugha, unaona kwamba Kiswahili kingemhudumia vilivyo hadi ndani kabisa ya Kongo ya mashariki. Kile alichokiacha Kericho kikiwa kisetla alikikuta huko kikiwa Kingwana, lahaja iliyopelekwa na misafara ya wafanyabiashara wa pwani na Unguja katika karne ya 19, miongoni mwao Hamed bin Muhammed el-Murjebi, yaani Tippu Tip. Zaidi ya hapo kilianza kukatika mbele ya Kilingala, na katika nchi ya Ubangi kikapisha Kisango. Magurudumu mawili ya baiskeli, bila ya kukusudia, yaliupima upana wa Kiswahili kutoka nyanda za chai hadi katikati ya bara. Tilman si mwanaisimu, na hilo halimshughulishi kitabuni.

Kitabu chenyewe, Snow on the Equator, kilichapishwa mwaka wa 1937. Baadhi ya wahakiki wa fasihi ya safari hukiweka katika kundi la vitabu vya ushujaa wa kikoloni, na si makosa kufanya hivyo, ijapokuwa msimulizi wake hujicheka mara nyingi zaidi kuliko anavyowacheka wengine, sifa ambayo ni adimu katika kundi hilo. Udhaifu wake uko mahali pengine: watu wa njiani hawana majina. Wanatoa ndizi, wanaonyesha njia, wanashangaa, kisha wanatoweka. Wala haifai kudai kwamba Waafrika Mashariki hawakuwa na utanzu wa kusimulia safari. Tippu Tip alisimulia safari zake kwa Kiswahili kabla ya kufariki mwaka wa 1905, na Carl Velten alikuwa amekwisha kuzichapisha simulizi za safari za Waswahili mwaka wa 1901. Utanzu ulikuwapo. Kilichokosekana ni mwenye baiskeli wa Kimilili au Kiminini kupewa kalamu na mchapishaji, na pengo hilo halijazibwa hadi leo, ingawa vijana walioanzisha boda boda katika miaka ya 1960 sasa ni wazee na baadhi yao wangali hai.

Maisha ya Tilman baada ya Afrika yanaweza kuelezwa kwa ufupi, maana yamekwisha kuandikwa sana. Tarehe 29 Agosti 1936 alifika kilele cha Nanda Devi nchini India, chenye urefu wa mita 7,816, pamoja na Noel Odell. Hakuna kilele kirefu zaidi kilichofikiwa na binadamu hadi mwaka wa 1950. Mwaka wa 1938 aliongoza msafara mdogo wa gharama nafuu kwenda Everest, wakarudishwa na theluji. Vita vya Pili vya Dunia vilipozuka alijiunga tena na jeshi akiwa na miaka 41; alipigana katika nchi kadhaa, akatuliwa kwa parachuti Albania, kisha kaskazini ya Italia kuwasaidia wapiganaji wa msituni, na mji wa Belluno ukampa uraia wa heshima. Milima ilipoanza kumshinda aligeukia bahari. Mwaka wa 1954 alinunua jahazi kuukuu lililoitwa Mischief, akalisafirisha hadi kwenye barafu za kusini na za kaskazini mpaka lilipozama mwaka wa 1968. Akanunua jingine, nalo likazama. Akanunua la tatu. Aliacha vitabu 15, saba vya milima na safari za nchi kavu, nane vya bahari.

Mwaka wa 1977 kijana Mwingereza aitwaye Simon Richardson alimwalika katika safari ya kwenda kisiwa kimoja karibu na Antaktika kwa chombo kiitwacho En Avant. Safari hii Tilman hakuwa nahodha. Alikwenda kama baharia wa kawaida. Waliondoka Rio de Janeiro mwanzoni mwa Novemba 1977 wakielekea visiwa vya Falkland. Hawakufika. Hakikuonekana chombo wala mtu. Miezi mitatu na nusu baadaye angetimiza umri wa miaka 80.